Namna Ndizi Zilinipatisha Permis C

Bachauffeur bapya ba ku garage yetu bananisumbua kila siku: “Papa Juvénal, utuelezee kazi mbele usahau.” Kusahau? Miye? Nakumbuka mulio ya pneu ya kwanza yenye ilinipasukiaka pa Kavumu, na nakumbuka uso ya mbuzi yenye ilikuwa pembeni. Ile mbuzi haikuzala tena. Bon, sasa niko mu retraite, kazi imeisha, bibi yangu masikio imemuchoka, basi miye nasema na Solange anaandika mu telefone yake. Solange njo alichukua usukani yangu. Akiandika mubaya, ni kosa yake. Akiandika muzuri, ni miye nilisema.

Mushahara siiongelee. Ilikuwa fupi, na hadisi yake nayo iko fupi. Promotion? Niliingia chauffeur, nilitoka chauffeur. Katikati njo kuna mambo.

Kuendesha nilifundishwa na Muzee Faustin, mutu wa camion, zile gari kubwa za mizigo, mutu mwenye alishukaka milima ya Ngomo kwenda Sange kubeba muchele wakati ile njia ilikuwa inapita mbuzi peke yake, na mbuzi nayo ilikuwa inasali mbele. Siku ya kwanza hakunipa usukani. Alinikalisha kiti ya pembeni, akaniwekea bassin ya mayi juu ya magoti.

“Mayi ikimwangika, nimeendesha mubaya, unitukane. Kesho miye nitabeba bassin, weye utaendesha.”

Ile siku hata tone moja haikuanguka. Nilifika na usingizi. Kesho yake nikashika usukani miye, na muzee akarudi kwake akitota sawa mutu alivuka muto Ruzizi kwa miguu. Bibi yake alimuuliza kama mvua ilinyesha. Hakunitukana. Aliniambia tu: “Juvénal, leo nimeoga, asante.”

Njo pale nilijua kitu kimoja, na Solange, hii uandike na herufi kubwa: muzigo iko na mawazo yake. Weye unakata kona, yenyewe ingali inaenda sawasawa. Weye unafunga frein usimame, yenyewe haijasikia. Chauffeur anaongozaka gari, na gari inaongozaka muzigo, na kama hamusikilizane bote batatu, mutaenda kusikilizana chini mu bonde.

Nilipata permis B, kartasi ya ruhusa ya kuendesha. B ni ya magari kidogo, bajeep, bacamionnette, mwisho trois tonnes cinq, ni kusema kilo elfu tatu na mia tano. Kupita pale ni C, permis ya bacamion. Muzee Faustin alinisukuma nitafute C pia.

“C ya nini, muzee? Siko na camion.”

“Siku moja utaikosa, utakuya kunililia hapa ku mulango.”

“Nikikuya kulia nitaleta mouchoir yangu ya kupanguza machozi.”

“Leta drap ya kitanda,” alisema.

Niliingia kazi kwa bamasœur ba kanisa, mu projet yabo ya afya ya bamama. Miaka mingi niliendesha jeep moja yenye ilikuwa inakohoa kuliko bagonjwa. Kisha siku moja nyumba ikatokea Nyawera, katikati ya muji wetu.

Nasema nyumba. Bazungu babiri bazee, bwana na bibi, balitoka kwabo kule mbali na nyumba yabo juu ya magurudumu: kitanda ndani, cuisine ndani, choo ndani, rideau ku madirisha. Bazungu banaita ile kitu camping-car. Nyawera yote ilisimama. Bamotard, batu ba pikipiki, balizima moto zabo. Kuna mama mumoja wa kuuza sambaza, samaki kidogo za ziwa, alienda kupiga hodi ku mulango, kwa heshima yote, juu hauwezi kupita mu kiwanja ya batu bila kusalimia. Balimufungulia, akanyweshwa chai. Mupaka leo anasemaka alisafiri Ulaya.

Bale bazee balitaka kufika mupaka bahari ya kusini. Bwana aliangalia njia yetu ya Uvira asubui moja, akarudi, akazima contact, akaenda kupana ufunguo kwa masœur. Balipanda ndege. Kama alikuwa na akili kuliko siye bote, sijue, mais hakuonekana tena.

Masœur mwenye alipokea ufunguo ni Masœur Immaculée. Mufupi, sauti sawa kengele ya kanisa, na ni sage-femme, muzalishaji wa bamama. Alizunguka ile nyumba mara moja, akasema: “Hapa njo bamama batalala, hapa njo tutaweka échographie, na hapa njo Juvénal atafunga kinywa.” Échographie ni ile machine ya kuonyesha mutoto angali mu tumbo. Mu milima ya juu ya Katana, na mu mangambo ya pembeni ya ziwa mupaka Minova, bamama bengi balikuwa hawajaionaka hata siku moja. Kuifuata, ilibidi kushuka na mimba ku miguu, ao kukaa juu ya pikipiki yenye inaruka sawa chura. Sasa machine itabafuata yenyewe, na chauffeur njo miye. Bulongo yote ya Kivu haikukuwa na mutu wa furaha kuliko miye. Nilikuwa nasafisha ile nyumba mupaka nzi zinateleza.

Ku mulango kulikuwa kibao kidogo ya chuma, imeandikwa 3500. Ile njo uzito ya mwisho yenye gari iko na ruhusa kufikisha, na banahesabu byote: gari yenyewe, mazout, mayi, chauffeur na tumbo yake. Bale bazungu babiri, bakonda, na mukate yabo na fromage, balikuwa banaenea mu kibao. Na kwa kibao ya vile, permis B inatosha. Nilikuwa mu sheria sawa padri mu misa.

Mais siye tuliingiza machine, groupe ya kutosha courant ya umeme, babatterie, kitanda ya bagonjwa, bacarton ya dawa, na bidon kwa bidon ya mayi. Siku moja tukipanda juu ya Katana, lame moja ya ressort, chuma yenye inabeba gari juu ya magurudumu, ikakatika, tii! sawa bunduki. Mbuzi zikakimbia (mbuzi na miye, ni hadisi ya maisha). Mécanicien aliingia chini, akatoka, akasema neno moja: “Uzito.”

Masœur akatutuma ku dépôt moja ya siment pale karibu na port, kwenye kuko bascule ya kupimia bacamion. Bascule ilikuwa mu mikono ya kijana moja banamwita Bijou, mutu wa kuchekelea kila kitu. Nikapandisha nyumba juu. Bijou akaangalia ku kioo yake, akatoka inje kuangalia gari, akarudi ku kioo.

“Papa, ndani umebeba bamama ao umebeba parokia yote?”

Tulikuwa tumepita kibao mbali sana. Masœur hakucheka. Alinikalisha chini.

“Juvénal, mama akiumia mu gari yangu, na gari ilikuwa inapita uzito yake, assurance, yenye inalipaka ajali, itanigeuzia mugongo, na miye sitaweza kuangalia bwana yake mu macho. Ao nyumba inarudi chini ya kibao, ao inasimama. Na ikisimama, projet moja ya Goma imeiomba. Beko na chauffeur wa C.”

Goma! Nyumba yangu! Mutu mwengine wa C kushika usukani yangu na mikono yake ya mafuta! Siku ile nilikula bugali nusu. Bibi yangu alitaka kuita munganga.

Tukaanza kupunguza. Tulitosha inje four ya kupikia. Tulitosha choo, tulitosha télévision, tulitosha milango ya baarmoire, tulitosha hata barideau. Masœur alikuwa ananiangalia tumbo namna yenye haikunifurahisha. Mayi, hapa njo bachauffeur banajidanganyaka: litre moja ya mayi ni kilo moja, hata uibariki. Tulikuwa tunaenda na tanki haina mayi, tunajaza kule kule ku source. Tukarudi kwa Bijou asubui moja, bote ndani: chini ya kibao! Bijou akapiga salute. Masœur akaimba. Tukaenda Katana.

Mangaribi tukarudi, tukapita kwa Bijou juu ya kumuonyesha tu, kumuringia. Akaangalia kioo yake.

“Papa, ile parokia imerudi.”

Sasa munapashwa kujua kitu. Kwetu, mama akionyeshwa mutoto yake mu machine, akaona kichwa, akaona mukono inacheza, hawezi kukuacha uende mikono wazi. Analeta régime ya ndizi, mukungu muzima. Mwenye hana ndizi analeta biazi. Pa Minova banaleta bitunguu na mashu, ni kusema kabichi, kila shu moja sawa kichwa ya muzee chef. Kuku, bafungu ya majani ya sombe, mihogo, maboga. Tulikuwa tunaenda bepesi sawa malaika, tunarudi sawa soko ya Kadutu.

“Ni mwisho,” Masœur akasema. “Tangu leo, hatupokee kitu. Hata yai.”

Juma ile tulienda mu milima ya juu ya Katana. Bamama balikuwa bengi, mustari murefu mu kivuli ya kanisa. Wa kwanza kuingia alikuwa Maman Nsimire, musichana munene wa kucheka, mimba yake ya kwanza. Miye nilikuwa inje na mazungumuzo yangu, mais ile nyumba iko na ukuta ya carton, byote nilisikia. Machine ikalia, Masœur akamuonyesha moyo ya mutoto inapiga, Maman Nsimire akapiga kelele ya furaha mupaka kunguru balitoka ku mabati. Akatoka inje, akaenda nyuma ya kanisa, akarudi na régime ya ndizi juu ya kichwa. Akaniwekea ku miguu.

Nikasema muzuri, na heshima: “Asante, maman, mais leo hatuchukue.”

Kicheko ikamukauka ku uso.

“Hamuchukue?”

“Hatuchukue.”

Aliangalia ndizi. Aliangalia tumbo yake. Kisha akauliza pole pole, na ile sauti sijaisahau mupaka leo: “Papa, ni nini muliona mu mutoto yangu?”

“Hapana, maman, mutoto iko muzima…”

“Kama iko muzima, juu ya nini munakatala ndizi yake?”

Nilifungua kinywa nielezee permis B. Munielewe: mama analia, na weye uko unamuambia tonne na kibao! Nyuma yake mama mwengine akashika kichwa: “Ee Nyamuzinda, Mungu wetu! Bamekatala ndizi ya Nsimire!” Ile neno ikapita mu mustari sawa moto mu majani. Bamama bote bakaanza kulia, na mu bale bengine hata mumoja hajaingia ndani. Bengine bakafunga bitenge na kuanza kurudi kwabo: kama ile machine inaonaka mubaya, bora basiione. Baliobeba mimba myezi ya mwisho, bako banapanda mulima kutukimbia!

Masœur akatoka mbio na gants ku mikono. “Juvénal! Umebafanya nini?”

“Nimefuata amri yako, masœur.”

Aliangalia bale bamama banaenda. Aliangalia ndizi. Kisha Masœur Immaculée, mufupi vile, akainama, akabeba ile régime yeye mwenyewe ku mabega, ikamufunika yote, tuliona tu miguu na ndizi, akaizungusha mbele ya batu bote na kulalamika: “Ndizi gani hii! Nsimire, unataka kuniua? Ndizi nzito vile, mutoto yako naye atakuwa nzito, nani atanisaidia kumuzalisha?” Akaitupa mu gari, puu!

Bamama bakarudi na kicheko na machozi yote mu uso moja. Na kuanzia pale, nani angejaribu kukatala? Kila mumoja alitaka yake ipokelewe, juu ile njo ilikuwa alama ya mutoto muzima. Hata bale hawakukuwa na nia ya kuleta kitu balikimbia kwabo kutafuta. Kuku nne nilizifungia mu fasi ya choo. Tulishuka Katana na pneu zinabusu tôle ya gari, miye nikiwa na vitesse ya kwanza tu, gia ya pole, moteur njo inashikilia. Kwa Bijou, kioo yake ilionyesha uzito ya camion.

“Papa,” Bijou akasema, na siku ile moja tu hakucheka, “musipite tena vile.”

Masœur alikaa ku ngazi ya mulango, ndizi juu ya magoti. Nilijua inakuya nini: Goma. Nilikuwa nimeshika ufunguo mu mufuko sawa mutu anashika mukono ya mugonjwa.

“Nyumba haitakuwa nyepesi,” akasema. “Tumejaribu. Basi inakuwa nzito na baraka ya sheria. Mécanicien ataongeza balame, tutabadirisha pneu, tutaenda ku bureau babadirishe uzito ku kartasi, ipite quatre tonnes, kilo elfu ine. Na weye, Juvénal, unapata C mbele ya tournée, safari yenye kufuata. Ukianguka mu examen, naita Goma.”

Nilienda kwa Muzee Faustin. Nilipiga hodi. Alifungua, akaniona, akageuka kuita bibi yake: “Maman! Leta drap! Juvénal amefika kulia!”

Mais alinifundisha. Muzee alikuwa amezeeka, goti moja ilikuwa imekataka tamaa, mais alikopa camion ya rafiki yake yenye kujaa muchanga, akakaa pembeni na bassin ya mayi. Ile ile bassin. Alinipandisha na kunishusha mupaka camion ilikuwa inajua jina yangu. “Musikilize muchanga,” alikuwa anasema. “Unasikia? Ingali inaenda Bagira. Weye uko unaenda Nyawera. Ungojee.” Alinifundisha uzito inakaa chini, katikati ya magurudumu, kamwe nyuma, kamwe juu. Alinifundisha vitesse yenye unapandia mulima njo ile ile ya kushukia, na frein ni ya kugusa, haiko ya kulalia. Ukisikia harufu ya frein, umechelewa. Ukisikia bamama nyuma banaanza rozari, umechelewa zaidi.

Siku ya examen, examinateur alikuwa mutu mukubwa, suti, ile costume ya cravate, uso ya kufunga. Aliniuliza mbele ya yote:

“Gari yenye unaendeshaka, inafanya uzito gani?”

“Kuenda ao kurudi, chef?”

Uso ikafunga zaidi. Aliona namuchekelea. Nikamuelezea mbio mbio: bamama, Nsimire, ndizi, masœur chini ya régime, kuku mu choo. Aliuma mudomo ya chini. Alipanda mu camion. Na pale Muzee Faustin, mwenye alisimama inje ku fimbo yake, akafungua mulango na kumuwekea bassin ya mayi juu ya costume.

“Nini hii, muzee?”

“Chef, ni assurance yako.”

Nilifikiri: Goma. Imeisha, Goma. Mais yule bwana aliishika, sijue juu ya nini, labda nywele nyeupe ya muzee. Tulipanda, tulishuka, tulirudi nyuma mu kona. Mayi ilikuwa inacheza ku mudomo ya bassin sawa mutoto anachungulia ku dirisha. Nikasimamisha camion polepole, nikafunga frein ya mukono, costume ingali kavu. Na pale pale examinateur akaanza kutetemeka. Niliwaza ni homa. Kumbe ni kicheko, alikuwa ameishikilia njia yote. “Kuku… mu choo!” Na kutetemeka ile njo ilimwanga mayi yote ku suruali yake.

Akaniangalia. Miye nikaangalia mbele.

“Ile mayi,” akasema, “ni miye.”

Nikapata C.

Tournée ya kwanza na permis mupya, balame mupya, kartasi mupya, Maman Nsimire alikuwa amekwisha kuzala. Musichana, muzima, mashavu sawa mikate. Alileta régime yenye ilizidi ile ya kwanza. Nikaiweka chini, katikati ya magurudumu. Bijou alituona, akasoma kioo, akasema: “Pita, papa. Leo parokia iko na kartasi ya batizimu yake.”

Vile njo nilifanya kazi mupaka mwisho. Tulipimisha nyumba kila kurudi; siku moja moja tulipita hata kartasi mupya, tulishusha mashu kwa Bijou, alikuwa ananenepa. Muzee Faustin aliendaka kupumuzika kwa Mungu mbele ya retraite yangu. Bibi yake alinipa ile bassin. Juma moja mbele ya kuacha kazi, niliijaza mayi, nikakaa pembeni ya Solange, nikaiweka juu ya magoti. Solange, andika: nilitota kidogo tu, pale fasi banaita Essence, na ilikuwa kosa ya motard. Bassin sasa ni yake.

Siku yangu ya mwisho tulienda tena juu ya Katana. Bamama balijua. Maman Nsimire alikuya na binti yake, sasa murefu, anasoma, amebeba kuku mu mikono. “Hii ni ya yule papa alikatala ndizi yako,” mama yake alimuambia. Hiyo njo jina yangu kule milimani. Sitapata jina ingine.

Tuliporudi, nilishuka pa Nyawera na muzigo yangu: régime, kuku, mashu, kasha ya maparachichi. Solange akaenda na nyumba. Niliiangalia mupaka ikakata kona, na ilikata muzuri. Nilikuwa juu ya trottoir, pembeni ya njia, sawa soko ya mutu mumoja. Nikasimamisha motard moja, kijana wa lunettes za giza ku macho.

“Kijana, uko na permis?”

“Ya nini, papa?”

“Ya uzito. Angalia hii muzigo. Pamoja na miye, inapita.”

Aliangalia ndizi, aliangalia kuku, aliangalia tumbo yangu bila haraka.

“Ni ya biashara?”

“Hapana. Ni ya kupewa.”

“Ah, papa. Ya kupewa hailemee. Panda.”

Nikapanda. Kuku mu koti, ndizi juu ya magoti fasi ya bassin, shu ku guidon, pale kijana anashika. Ku mupando ya kwetu pikipiki ilizima katikati. Tulishuka bote babiri, tukaisukuma mupaka ku mulango.